Protini na usaha kwenye mkojo, na siumwi: je, figo zangu zinaharibika?

Swali: Daktari, pole na majukumu. Mimi ni mama wa miaka 36. Ndani ya miezi mitano nimepima mkojo mara tatu, zote katika uchunguzi wa kawaida wa afya, bila kuumwa chochote. Kila mara naambiwa nina UTI na kuandikiwa antibiotiki. Kipimo cha kwanza kilionyesha protini +1, leukosaiti +1, seli za usaha 6 hadi 8, damu hakuna, uzito wa mkojo 1.015. Cha pili kilifanana na hicho. Cha wiki iliyopita: protini +1, damu +2, leukosaiti +1, nitraiti hakuna, sukari hakuna, ketoni +1, uzito 1.030, seli za usaha 8 hadi 10, seli za epitheli nyingi, bakteria wachache. Siku hiyo sikuwa nimekula tangu jioni, na hedhi ilikuwa imeisha jana yake. Mgongo hunisumbua, hivyo natumia diclofenac siku tatu nne kila wiki. Nimeandikiwa tena dawa ya siku saba, bado sijaianza. Je, figo zangu zinaharibika?

Jibu: Asante dada kwa kuandika vipimo vyote vitatu. Wengi huleta karatasi ya mwisho peke yake, na karatasi moja ya mkojo hupotosha kirahisi. Zikiwekwa tatu sambamba, zinaanza kusema kitu.

Nianze na hofu yako. Hakuna mstari hata mmoja hapo unaothibitisha kwamba figo zako zinaharibika. Ila kuna jambo limejirudia mara zote tatu na inaelekea hakuna aliyekaa nawe akakueleza: ile protini +1. Macho ya kila mtu yameishia kwenye usaha, ukaandikiwa antibiotiki, protini ikaachwa ipite. Mimi ningefanya kinyume chake. Usaha ningeutilia shaka, protini ningeifuatilia.

Ili unielewe, kwanza ujue karatasi hiyo inavyopatikana. Mtaalamu wa maabara huutazama mkojo kwa macho: rangi yake, kama ni mwangavu au una ukungu. Kisha huchovya kijiti chenye vibandiko vidogo vya rangi, kila kimoja na kemikali yake, akasubiri sekunde zilizoandikwa kwenye kopo na kulinganisha rangi na chati. Alama za +1, +2 na +3 ni makadirio ya rangi hiyo. Mwisho huzungusha mkojo kwenye mashine ili vizito vitue chini, akachukua tone la mashapo na kulitazama kwa hadubini. Hapo ndipo zinapohesabiwa seli za usaha, chembe nyekundu za damu, fuwele na vimelea. Kijiti na hadubini husaidiana, na vikipishana, kupishana kwenyewe ni habari.

Sasa tazama kipimo cha wiki iliyopita. Kimeandikwa "seli za epitheli nyingi". Kama ni zile bapa, ambazo ndizo za kawaida kuonekana, hutoka ukeni na kwenye ngozi ya sehemu za siri. Zikiwa nyingi maana yake mkojo uligusa ngozi na ute wa ukeni kabla ya kuingia kwenye kikopo, ukabeba kila ulichokutana nacho: seli nyeupe, bakteria, hata protini kidogo. Hedhi nayo ilikuwa imeisha jana yake. Kwa hiyo hiyo damu +2 iliyokutisha siwezi kuihesabu kuwa damu ya figo wala ya kibofu. Kati ya vipimo vyako vitatu, hiki kinachoonekana kibaya kuliko vyote ndicho ninachokiamini kidogo kuliko vyote.

Naomba safari ijayo mkojo uchukuliwe hivi, maana nimeona watu wakinywa dawa kwa sababu ya kikopo kilichojazwa vibaya tu. Subiri angalau siku tatu nne baada ya hedhi kuisha kabisa. Nawa mikono. Safisha sehemu za siri kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma, bila dawa za kuua vijidudu. Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole, anza kukojoa chooni, kisha bila kukatisha mkojo ingiza kikopo ukinge ule wa katikati. Wa mwisho uache uende. Usiguse ndani ya kikopo wala kifuniko chake. Kisha upeleke mara moja. Mkojo ukikaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, bakteria huzaliana, chembe za damu hupasuka na asidi hupungua, na kitakachosomwa ni hali ya kikopo. Ukilazimika kuchelewa, uwekwe kwenye jokofu.

Tuje kwenye usaha. Leukosaiti ni seli nyeupe za damu, askari wa mwili. Kijiti huhisi kimeng'enya chao, hadubini huziona zenyewe, na maabara nyingi huhesabu zaidi ya 5 katika eneo moja la kutazama kuwa si kawaida. Zikionekana, maana yake kuna mahali kwenye njia ya mkojo, au jirani yake, pana mwasho au uvimbe. Haimaanishi lazima kuna bakteria. Nitraiti ndiyo huelekeza kwenye bakteria: aina kama E. coli, anayesababisha maambukizi mengi ya kibofu, hugeuza nitreti iliyomo kwenye mkojo kuwa nitraiti. Lakini kazi hiyo inahitaji mkojo ukae kibofuni muda wa saa 4 hivi, na wapo bakteria wasioifanya kabisa, wakiwemo enterokoka. Nitraiti ikionekana kwenye mkojo uliochukuliwa vizuri, naamini bakteria wapo. Isipoonekana, sifungi faili.

Hata hivyo, kuwepo kwa bakteria na kuumwa ni mambo mawili tofauti. UTI ya kibofu ina sura yake: mkojo unachoma, unabanwa kila mara, unakojoa kidogo kidogo, tumbo la chini linauma. Ikipanda kwenye figo huja homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni. Wewe huna hata moja kati ya hayo, mara zote tatu. Watu wengi, hasa wanawake na wazee, hubeba bakteria kibofuni bila madhara yoyote, na miongozo ya tiba iko wazi kwamba hali hiyo haitibiwi isipokuwa kwa mjamzito na kwa mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Kuwapa antibiotiki wengine hakuwakingi na lolote. Kunawafundisha bakteria kuishinda dawa, na siku utakapougua kweli, dawa ile ile inaweza kushindwa kukusaidia. Hili linaniuma, kwa sababu naona watu wanaojiita wagonjwa wa "UTI sugu" ambao hawajawahi kuoteshewa mkojo hata mara moja.

Kuotesha ndiko kunakomaliza ubishi. Mkojo huwekwa kwenye chakula cha bakteria maabara kwa siku moja au mbili, kinachoota kikahesabiwa, kikatambuliwa jina na kujaribiwa dawa mbalimbali. Bakteria wa aina moja wanaofika 100,000 kwa kila mililita ndicho kipimo cha jadi cha maambukizi. Mwenye dalili kali anaweza kuwa na wachache kuliko hapo na bado akawa mgonjwa kweli. Zikiota aina tatu nne kwa pamoja, kikopo kilichafuka, rudia. Na mkojo wa kuotesha huchukuliwa kabla ya kidonge cha kwanza. Kwa kuwa hujaanza dawa, bado una nafasi hiyo.

Itakuwaje usaha ukionekana tena kwenye mkojo safi, na kisiote kitu? Hapo kuna orodha fupi ninayoipitia kila mara. Antibiotiki zilizotumika karibuni. Magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono, ambayo kwa mwanamke yanaweza kukaa kimya. Mawe kwenye figo. Kifua kikuu cha figo, kinachohitaji vipimo vyake maalumu kwa sababu vimelea vyake havioti kwenye chakula cha kawaida. Na dawa, ambapo kwa upande wako nasimama kidogo.

Diclofenac, ibuprofen na jamaa zao hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa baadhi ya watu huleta uvimbe ndani ya nyama ya figo yenyewe, uvimbe usiotokana na kijidudu chochote, na mkojo huonyesha seli nyeupe, protini kidogo, nitraiti hakuna, maumivu hakuna. Sisemi ndicho ulicho nacho. Nasema kwamba picha yako inaruhusu kuliwaza hilo, na kuliwaza hakugharimu kitu: acha diclofenac kuanzia leo mpaka vipimo vikamilike. Maumivu ya mgongo yakizidi, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa figo. Na umwoneshe daktari hasa mahali panapouma. Maumivu ya kiunoni yanayozidi ukiinama au ukinyanyua kitu kwa kawaida ni ya misuli na mifupa. Yale ya ubavuni, chini ya mbavu za mwisho, yasiyojali umekaaje, yanaweza kuwa ya figo.

Nimefika kwenye protini. Kazi ya chujio la figo ni kuruhusu maji na taka zipite, na kuzuia albumini, protini kubwa ya damu. Mtu mzima mwenye afya hupoteza protini chini ya miligramu 150 kwa siku, kiasi ambacho kijiti kwa kawaida hakikioni. Alama ya +1 ni kama miligramu 30 katika desilita moja ya mkojo, +2 ni kama 100, +3 ni kama 300. Lakini kijiti hupima mkojo ulivyo wakati ule, na mkojo mzito hufanya kidogo kionekane kingi. Ndiyo sababu nilifurahi ulipoandika uzito. Wiki iliyopita ulikuwa 1.030, mzito kabisa, kwa sababu ulikuwa hujala na nadhani hukunywa maji ya kutosha. Protini +1 kwenye mkojo mzito hivyo ningeweza kuisamehe. Ile ya kwanza, iliyokuja kwenye uzito wa 1.015 tu, siisamehi. Huo ni mkojo wa wastani, na protini ilikuwepo.

Zipo protini za mpito. Homa huzileta, mazoezi makali, baridi kali, hata mkojo uliochanganyika na ute au damu ya hedhi. Vijana wengine humwaga protini wakiwa wamesimama tu, na mkojo wao wa alfajiri unakuwa safi. Hao hawana ugonjwa. Protini ya mpito huja na kuondoka. Yako imeonekana mara tatu ndani ya miezi mitano, na katika ugonjwa wa figo muda ni sehemu ya utambuzi: kinachodumu miezi 3 au zaidi ndicho kinachoitwa sugu. Kisukari na presha ndivyo visababishi vikubwa. Baada yao huja magonjwa ya chujio lenyewe, ikiwemo lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), na maambukizi kama homa ya ini B na C na virusi vya UKIMWI, ambayo yote huweza kuiharibu figo kimyakimya. Kimyakimya ndivyo ilivyo kweli: figo hazina desturi ya kuuma zinapovuja protini. Kuvimba miguu na uso asubuhi, au povu zito chooni lisilotoka hata ukimwaga maji, hutokea protini ikishakuwa nyingi sana.

Kwa hiyo omba kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo, ule wa kwanza wa asubuhi. Kikopo kimoja kinatosha, huna haja ya kukusanya mkojo wa saa 24. Uzuri wake ni kwamba mkojo uwe mzito au mwepesi, hesabu inajirekebisha. Chini ya miligramu 30 kwa gramu moja ya kreatinini ni kawaida. Baadhi ya maabara huandika miligramu kwa milimoli, ambapo kawaida ni chini ya 3. Kwa vizio vile vya kwanza, kati ya 30 na 300 ni ongezeko la wastani, juu ya 300 ni kubwa. Pamoja nacho pimwa kreatinini ya damu na kasi ya figo kuchuja inayokokotolewa kutokana nayo, sukari, na presha. Presha hukuitaja kabisa katika swali lako, na mimi ningeanza nayo kabla ya kipimo kingine chochote. Wala kreatinini ikiwa nzuri usiambiwe "figo ziko safi" ukarudishwa nyumbani na protini yako. Kreatinini huchelewa kupanda. Albumini mara nyingi hutangulia kwa miaka, na katika miaka hiyo ndipo dawa za kulinda figo husaidia zaidi.

Damu nitaijadili kama swali la kipimo kijacho. Ukirudia mbali na hedhi na kijiti kikaonyesha damu tena, hadubini ndiyo ihukumu. Chembe nyekundu 3 au zaidi katika eneo moja la kutazama ni damu kweli. Kijiti kikisema damu na hadubini isione chembe, huenda ni rangi ya damu iliyotokana na chembe zilizopasuka, au protini ya misuli iliyoumia, kama baada ya ajali au mazoezi ya kupita kiasi. Chembe zikiwa zimekunjamana umbo, au zikiwa zimeshikamana kwa umbo la mrija, zinatoka kwenye chujio la figo, na zikiandamana na protini, safari ya kwa bingwa wa figo haingoji. Chembe zenye umbo zuri hutoka chini zaidi: mawe, kibofu, tezi dume kwa wanaume. Kwa mtu mwenye umri mkubwa au mvutaji sigara, damu inayoonekana kwa macho, hata mara moja, hata bila maumivu, lazima itafutiwe saratani ya kibofu na ya figo. Na yeyote aliyewahi kuoga, kuvua au kulima kwenye maji ya mto au ziwa palipo na kichocho, aseme. Kichocho cha kibofu hutoa damu mwishoni mwa kukojoa, na mayai yake huonekana vizuri zaidi kwenye mkojo uliochukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ule wa alfajiri unaweza kuyakosa.

Yaliyobaki kwenye karatasi yako hayanisumbui. Ketoni +1 kwa mtu ambaye hajala tangu jioni ni mwili kuchoma mafuta, basi. Ingekuwa na sukari pembeni, na kiu, na kukonda, ningekuambia funga simu uende hospitali sasa hivi. Sukari kwenye mkojo kwa kawaida huonekana ile ya damu ikipita kama milimoli 10 kwa lita, yaani miligramu 180 kwa desilita, ingawa wajawazito na wanaotumia dawa za kisukari kama dapagliflozin huwa nayo bila maana hiyo. Bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, kama ingekuwepo, ingenipeleka kwenye ini na njia ya nyongo. Fuwele chache kwa mtu asiye na historia ya mawe huwa hazina uzito. Vitamini C nyingi, ile ya vidonge, inaweza kuficha damu, sukari na nitraiti kwenye kijiti, hivyo kama unaitumia, iache siku mbili kabla ya kupima.

Sasa ile dawa ya siku saba. Mimi sijakuona, aliyekuona ni daktari wako, kwa hiyo rudi kwake kabla ya kuianza na umweleze mambo matatu: huna dalili yoyote, mkojo ulichukuliwa hedhi ilipoisha tu, na protini imeonekana mara tatu. Omba mkojo mpya uchukuliwe kwa utaratibu niliokueleza, uoteshwe, na uwiano wa albumini upimwe kwenye mkojo wa asubuhi baada ya kukaa wiki mbili bila diclofenac. Daktari mzuri hatachukia kuulizwa hivyo. Beba karatasi zote tatu.

Wiki hizo mbili ni za mtu asiyeumwa. Ukipata homa na maumivu ya ubavuni, ukavimba uso au miguu, mkojo ukawa mwekundu au wa rangi ya kahawa, ukapungua sana, au presha ikasoma 180 kwa 120 au zaidi, nenda siku hiyo hiyo. Na kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito, pima kwanza. Mjamzito mwenye bakteria kwenye mkojo hutibiwa hata asipohisi kitu, kwa sababu maambukizi hupanda haraka kwenye figo, na baada ya wiki ya 20 protini ikiandamana na presha ya 140 kwa 90 au zaidi ni dalili ya kuelekea kifafa cha mimba. Hapo mpango wangu wote wa kusubiri unafutika, na ni wa kuonwa na daktari siku hiyo.